Bomba la mwisho

Kila nikiingia zamu ya asubuhi kwenye mtambo wetu wa kusafisha maji naanza na kichupa cha kioo. Natia mililita 10 za maji, nadondosha kidonge cha DPD, cha kupimia klorini, natikisa. Yakigeuka pinki, klorini, dawa ya kuua vijidudu, imo. Yakibaki meupe, siku imeshaharibika.

Shirika la Afya Duniani linashauri klorini isipungue miligramu 0.2 kwa lita pale mteja anapofungulia bomba. Kinamba kidogo, ila ndicho kinachotuendesha. Klorini huishia njiani, inaliwa na kutu na ule utelezi wa ndani ya mabomba. Ili bomba la mwisho liipate 0.2, hapa mtamboni lazima nitie nyingi zaidi, na walio karibu nasi ndio wanaopiga simu kulalamika kuwa maji yananuka dawa. Nikiwapunguzia hao, wa mwisho wanakosa. Nikizidisha, inakutana na mabaki ya majani yaliyooza na kuzaa trihalomethani, kemikali zinazoweza kudhuru afya, nazo zina kikomo chao.

Basi kazi inarudi nyuma, kwenye shabu inayogandisha tope na machujio ya mchanga. Kadiri maji yanavyotoka safi kwenye mchanga ndivyo dawa inavyotosha. Mto ukijaa tope, chujio linaziba upesi na linataka kuoshwa tena na tena, tena kwa maji yaleyale tuliyokwisha kuyasafisha. Wakubwa wanaiita hasara. Sawa, waite.

Kuna na E. koli, kijidudu cha kinyesi: isionekane hata moja kwenye mililita 100. Majibu hutoka kesho yake, maji yakiwa yameshanywewa. Ndiyo maana naiamini pinki kuliko karatasi ya maabara.

Daftari la zamu, tunamoandika vipimo, nililiona kero hadi niliposoma habari za mji wa Walkerton, Kanada, ambako maji ya bomba yaliingia vijidudu mwaka 2000. Watu 7 walikufa, zaidi ya 2,000 wakaugua, na uchunguzi ukakuta waendeshaji walizoea kuandika vipimo vya klorini vya kubuni.

Juzi nilikuta daftarini mwetu mstari mmoja mtupu, wa saa tisa usiku.

"Betri ya kipimo iliisha," mwenzangu akasema. "Nikaona heri niache wazi."

Nilibeba kichupa hadi bomba la mwisho, nikapata 0.3. Nikaiandika kwenye saa yake, kumi na mbili na dakika arobaini, na ule mstari wa saa tisa nikauacha kama ulivyo.