Airisi fupi za kivulini: mgongo uachwe wazi

Nyuma ya nyumba nina kipande cha ardhi chini ya miti mirefu ambacho kwa miaka hakikukubali kitu. Nyasi zilikufa, waridi likarefuka kama mkongojo bila kutoa ua hata moja. Niliposikia kuna airisi fupi, aina ya maua ya bustanini, za kupanda chini ya miti, nikanunua za kwanza nilizoziona. Zilikuwa Iris reticulata, zile zinazoota kutokana na vitunguu vidogo. Mwaka wa kwanza zilichanua, nikatamba. Mwaka wa pili zikatoa majani matupu, na wa tatu hata majani sikuyaona. Kumbe hizo zinataka jua, na vitunguu vyake vinapenda kulala pakavu kiangazi kizima. Jina "airisi fupi" limebeba mimea mingi isiyofanana tabia. Muuzaji hakuniuliza nitapanda wapi, na mimi sikumwuliza.

Ya kivulini ni Iris cristata. Kwao ni misitu ya mashariki mwa Marekani, chini ya miti inayopukutisha majani. Kimo chake hakizidi shibiri. Ua ni la samawati inayoelekea zambarau, na kwenye petali zinazoinama kuna doa jeupe lenye kishungi cha manjano katikati. Kishungi hicho ndicho kilichoipa jina, maana cristata kwa Kilatini ni yenye kishungi.

Nilipata matunguu sita, yaani mashina yake yanayotoa mizizi, nikayaua manne. Niliyafukia kina cha kidole kizima, kama nilivyofanya na vile vitunguu, kisha nikarundika majani makavu juu nikidhani nayatunza. Mvua zilipokolea nikafukua moja kuangalia: lilikuwa laini kama ndizi iliyopitiliza, likaniachia maji ya kahawia vidoleni.

Yale mawili yaliyopona yalinifundisha kwa kuwa yalikuwa pembeni, ambapo maji yalikuwa yameosha udongo. Tunguu la airisi hii halikai chini, linatambaa juu ya ardhi. Ni jembamba, lina vinundu huku na huku kama shanga zilizotungwa mbalimbali kwenye uzi. Basi nikainua tuta dogo, nikachanganya mboji ya majani na changarawe ili maji yasituame, nikalaza matunguu yakiwa ubapa. Mizizi ikaingia udongoni, mgongo ukabaki wazi. Kwa kuwa mizizi yake ni ya juujuu na miti inagombania maji yaleyale, mwaka wa kwanza nilimwagilia kila udongo ulipokauka. Hapo sikufanya uvivu.

Bado hazikuchanua. Majani mazuri, maua hakuna. Nilikuwa nachanganya kivuli na giza. Nilipokata matawi matatu ya chini upande wa mashariki, jua la asubuhi likapenya, na msimu uliofuata nikahesabu maua kumi na moja.

Kazi iliyobaki ni ndogo ila haina likizo. Majani ya miti yakianguka nayapangua kwa mkono, reki ingeng'oa matunguu, na nabakiza tabaka jembamba tu ambalo bado naona udongo kupitia kwake. Machipukizi yakitokeza, konokono wasio na gamba huyatoboa usiku, kwa hiyo natoka na tochi na kopo nikawaokota mmoja mmoja. Jirani ananicheka. Nimeshajaribu kuzungushia majivu, mvua moja ikayapeleka.

Kila shada likisongamana naligawa mara tu maua yanapokwisha, kila kipande kiwe na majani na mizizi yake. Ua moja halikai sana, na shamrashamra yote ni kama wiki mbili. Kwangu zinatosha.

Mwaka huu matunguu yamevuka ukingo wa mawe na kuingia kwenye njia ya kupitia. Nimehamisha njia.