Mawe mawili kwenye begi, Dodoma mpaka Kilimatinde

Jumamosi ile nilikuwa naenda Kilimatinde kumsalimia shangazi, safari ya kawaida tu sema nilikuwa na oda. Mpwa wangu yuko kidato cha pili, alinipigia Ijumaa usiku: "Anko, ukirudi niletee mawe mawili, moja la mashapo moja la metamofiki, Jumatatu tunapeleka kwa ticha wa jiografia." Nikamwambia hiyo ndogo, mimi mwenyewe jiografia nilipata B. Hiyo B ndo iliyoniponza.

Basi lilitakiwa kutoka stendi ya Nanenane saa mbili, likatoka saa tatu na nusu, na kabla hatujafika Bahi tairi la nyuma likapasuka. Tukashuka wote. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na akina mama wanagonga kokoto chini ya turubai, nikavuka, nikaona pembeni ya mama mmoja jiwe limepigwa mistari mieusi na mieupe, safi kabisa kama shuka la kimasai.

"Mbukwa mama."

"Mbukwa mwanangu. Unataka kokoto?"

"Hapana mama, nataka hili tu, la mashapo, si unaona matabaka yake?"

Akacheka. Akasema, "Mashapo mimi nayajua ya pombe, yanakaa chini ya mtungi. Sasa hili lilikaa chini ya mtungi gani?" Halafu akanipa nyundo. Nikagonga, nyundo ikaruka ikarudi, mkono ukafa ganzi mpaka kwenye kiwiko, jiwe hata mkwaruzo halina. Akaniambia lile lenyewe wanaliacha kwa sababu kwenye mistari myeusi kuna ulanga mwingi, yale madini ya kung'aa yanayobanduka kama karatasi, ukilipata upande wake linachanika vibamba badala ya kutoa kokoto nzuri ya zege.

Abiria mwenzangu mmoja alikuwa amenifuata, jamaa aliwahi kubeba sampuli kwa watu wanaochoronga miamba, ndo akanifungua macho. Kumbe ile mistari siyo tabaka hata kidogo! Lile ni naisi, yaani jiwe la metamofiki. Lilikuwa jiwe lingine huko mwanzo, pengine hata granaiti, likazama chini kilomita nyingi, likabanwa na kupikwa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 600 lakini bila kuyeyuka lote, humo humo madini yakajipanga upya, ulanga mweusi ukakaa na wenzake, kwatzi na felspa nyeupe zikakaa kwao. Kwa hiyo mistari ile imeletwa na mbano, haihusiani na maji kumwaga tope leo na mchanga kesho. Akaniambia miamba ya kale ya Dodoma ina zaidi ya miaka bilioni 2.5, nikaangalia kokoto za yule mama nikajisikia vibaya kidogo, debe zima la bilioni bilioni linasubiri lori.

"Sasa mashapo ntapata wapi?" nikamuuliza.

"Si unaenda Kilimatinde? Umefika. Kule kuna mwamba wajiolojia wameupa jina kabisa, simenti ya Kilimatinde."

Nilidhani ananitania.

Tairi likafungwa, tukaondoka. Nikamlipa yule mama buku mbili, jiwe nikalifunga kwenye fulana. Bahi tukapita tu, mchele wake nitanunua nikirudi. Tulipoanza kupanda Saranda nikageuka nyuma kupitia kioo nikaona lile bonde lote limelala chini, tambarare, na nikakumbuka swali la mtungi. Si ndo ule pale! Mto Bubu unashusha tope na mchanga mpaka kwenye lile dimbwi la Bahi, maji hayana pa kutokea, jua linayanywa, tope linabaki. Na hiyo kuta tunayopanda ni ukingo wa Bonde la Ufa, ardhi ilikatika upande mmoja ukashuka. Mashapo yanatengenezwa pale kila masika mbele ya macho ya watu na mimi nimepita hiyo njia sijui mara ngapi nasinzia.

Njia panda nikachukua boda. Kwa shangazi, baada ya ugali na mlenda, tukatoka na mjukuu wake kwenye korongo nyuma ya nyumba. Hatukutafuta sana. Jiwe la kijivu, ndani yake mchanga na vipande vya kwatzi vyenye kona kali, limeshikamana kama zege la fundi aliyebana simenti. Nikachukua kipande kilichoanza kulika.

Uani nikayaweka yote mawili juu ya kinu kilichopinduliwa, nikayamwagia maji kwa kikombe. Kwenye naisi maji yalitiririka yakaisha. Lile la korongoni likayanywa, likabadilika rangi, na ukiweka sikio karibu unasikia kama linachemka kwa mbali, ni hewa inatoka kwenye vitundu. Nilipolisugua kwa kidole gumba chembe zikabaki mkononi moja moja, kila moja na umbo lake lilelile ililokuja nalo. Kwenye naisi huwezi kutoa chembe, zimeng'atana, ukivunja unavunja chembe yenyewe. Shangazi akaangalia weee, akasema, "Kwa hiyo umetoka Dodoma kuja kunimwagia maji yangu ya kunywa kwenye mawe?"

Jumapili jioni nikamkabidhi mpwa wangu, nimeandika na majina kwa makapeni, MASHAPO, METAMOFIKI. Akayapima mkononi, akashukuru vizuri tu. Jumanne akapiga simu.

"Anko, ticha ameyapenda. Sasa ameongeza na la volkano."

Nikamwambia hilo amsubiri baba yake, yeye ndo anaendaga Katesh, mlima wa volkano wa Hanang uko pale pale.