Siku moja maishani mwangu: fundi wa fedha, Lamu

Saa 12 asubuhi nafungua karakana, mtaa ukiwa bado na ubaridi. Kazi ya moto naiwahi mapema kwa sababu tochi ya gesi na feni haviendi pamoja: upepo unayumbisha moto. Dirisha nalo nalifunga. Fedha ikipata moto hubadilika rangi, na rangi hiyo huwezi kuiona kwenye mwanga mkali.

Saa 1 hadi saa 4 ni kuyeyusha, kumimina, kufua na kuvuta waya. Kwenye kila kilo, gramu 925 ni fedha na 75 ni shaba, maana fedha tupu ni laini, kikuku kingepinda mguuni. Waya ukishapita matundu machache ya bamba la kuvutia hukakamaa. Naurudisha motoni ulainike, kisha navuta tena.

Saa 5 akaingia dada mmoja mgeni, bangili ya mnyororo mkononi. Aliinunua kwingine, akaambiwa ni fedha halisi. Alitaka nimtundikie vidani vitatu: jahazi, samaki na herufi ya jina la mwanawe. "Dakika kumi tu, fundi. Boti yangu ya Mokowe, kule bara, inaondoka saa 7."

Nilipoishika niliiona nyepesi. Nikamwomba ruhusa, nikaikwaruza kwa tupa karibu na kishikizo. Chini ya weupe kukatokea manjano. Nikadondosha tone la asidi ya nitriki: povu la kijani. Ilikuwa shaba ya manjano iliyochovywa fedha, na ningeipiga moto ule weupe wote ungeungua.

Akasema asidi yangu ndiyo imeiharibu. Akasema mafundi wote ni wale wale, tunaponda vya wenzetu ili tuuze vyetu. Akampigia shoga yake simu, akamsimulia yote nikiwa nimesimama pale pale. Simlaumu, ametapeliwa. Lakini neno lile liliniuma, maana kazi hii yote ni uaminifu. Nikachukua bangili yangu mwenyewe, nikaikwaruza mbele yake kwa tupa ile ile, nikadondosha asidi ile ile. Likabaki doa la rangi ya malai, alama ya fedha. Akanyamaza.

Kisha tukaingia kwenye bei. "Bei ya fedha iko kwenye simu, fundi. Hizi ni gramu ngapi?" Bei ya kwenye simu ni ya metali tu, kwa wakia ya gramu 31.1. Haina mkono wa mtu ndani yake. Nikampa lenzi atazame viungo. Kidani kikipotea, mara nyingi ni kiungo kilichoachia: cha bei rahisi hubanwa tu kwa koleo, mwanya ukabaki. Changu nakikata, nakifunga, nakipaka boraksi ili lehemu itiririke, naweka kipande cha lehemu ambacho ukipiga chafya kimepotea, halafu nakimulika moto. Lehemu ikitiririka tu, moto unaondoka. Ukichelewa kidogo kiungo chote kinayeyuka. Na hapo shanga bado hazijaguswa. Marijani na kaharabu havivumilii moto, kwa hiyo hutungwa mwisho kabisa. Bangili moja ya vidani ina viungo vingi, kila kimoja na moto wake.

Boti ilimwacha. Akaagiza bangili mpya, akalipa nusu.

Mchana wote ukaenda hivyo, mgongo ukiwaka. Baada ya Alasiri nilichemsha vipande vya asubuhi kwenye maji ya shabu, weusi wa moto ukatoka, nikapiga msasa. Watalii walikuja kuuliza pete za vigae vya kauri ya Kichina, wawili walinunua. Mkufu wa bi harusi, ambao nilipanga kuutunga saa 6, niliushika taa zikiwa zimeshawashwa. Nilizipanga marijani moja moja kwa wekundu wake, ili kifuani zishuke bila kuruka rangi, na hapo uchovu ulinitoka.

Kabla ya kufunga nilikung'uta droo ya mezani na kufagia sakafu. Vumbi lile ni fedha, linarudi motoni. Vidani vitatu vya yule dada vimeshachorwa kwenye bati. Vikimalizika nitamwachia nahodha wa Mokowe, na mgeni wangu atamalizia nusu iliyobaki kwa simu.