Jiko la gesi liligoma kwenye baridi ya Tekapo: lilivyowaka tena

Tulikuwa na rafiki yangu tukizunguka Kisiwa cha Kusini, New Zealand, kwa gari la kulala. Julai huko ni kipupwe. Asubuhi kando ya Ziwa Tekapo jiko likatoa mwali mdogo, likazima. Tukabadilisha kiberiti, tukazibua matundu, wapi! Kopo ukilitikisa, gesi imo.

Kumbe butani, gesi iliyomo kwenye kopo, haigeuki mvuke vizuri baridi ikishuka chini ya nyuzi -0.5 za Selsiasi. Tukalisimamisha kopo kwenye sufuria yenye maji vuguvugu yaliyobaki kwenye chupa ya chai (yasiwe ya moto, tafadhali), tukalifuta, likawaka.

Mjini soma maandishi madogo ubavuni mwa kopo: chukua lenye mchanganyiko wa propani, gesi nyingine ambayo huchemka na kugeuka mvuke kwenye nyuzi -42.