Nilidhani ni malaria, kumbe ni kahawa
Kazi yangu ni kushughulikia karatasi za mizigo hapa Malaba, upande wa Uganda. Malori ya kutoka Mombasa hayajui usiku, nasi wa zamu ya usiku tunaingia saa moja jioni na kutoka saa moja asubuhi. Hatua chache kutoka ofisini kwetu hukaa mama mmoja tunayemwita Hajati, na jiko lake la makaa, birika kubwa, na kahawa ya tangawizi anayoimimina kwenye vikombe visivyo na mkono. Udogo wa vile vikombe ndio ulioniponza. Unakunywa kimoja ukisubiri dereva atafute stakabadhi, kingine ukisubiri mtandao urudi, na hakuna anayehesabu.

Mwaka jana nilianza kufika nyumbani nimechoka hoi, nikilala nasikia mapigo ya moyo wangu sikioni, kwenye mto. Saa tano asubuhi bado natazama dari. Watoto wakirudi shule nawafokea bila sababu. Nikaamua kujua nakunywa kiasi gani hasa: kila kikombe, njiti moja ya kiberiti mfukoni. Asubuhi nilipozitoa zilikuwa 11.

Mtu mzima mwenye afya hushauriwa asizidishe takriban miligramu 400 za kafeini kwa siku, na mjamzito 200. Kikombe cha kawaida cha nyumbani huwa na karibu 100. Vya Hajati ni vidogo, lakini kahawa yake ni nzito, tena ni Robusta, hii yetu ya huku bondeni, ambayo kafeini yake hukaribia maradufu ya ile Arabika ya mlima Elgon. Sikuwa na haja ya kikokotoo.

Nikaacha siku hiyohiyo, kabisa. Ujinga mtupu.

Kesho yake mchana kichwa kilinigonga nyuma ya macho, mwili ukalegea, kichefuchefu juu yake. Huku kwetu mtu akiumwa kichwa na viungo, jina la ugonjwa analo tayari. Nikaenda kliniki, nikatobolewa kidole, malaria hakuna. Nikang'ang'ania nipewe dawa hivyohivyo. Muuguzi akaniangalia: "Dada, kuna kitu umeacha kutumia?"

Alinieleza vizuri kuliko nilivyotarajia. Tangu unapoamka, ubongo hukusanya kemikali iitwayo adenosini, na ndiyo inayokuletea usingizi. Kafeini hukalia viti vyake. Ukinywa kila siku, ubongo huongeza viti. Siku ukiacha ghafla, adenosini inajaa kote, mishipa ya damu kichwani inatanuka, na maumivu yanaanza ndani ya saa 12 hadi 24. Yanaweza kuendelea hata siku tisa. Akanipima na presha, ikawa sawa, akaniambia nikija tena kupima nisiwe nimetoka kunywa kahawa, maana huipandisha kwa muda.

Nikarudi kwa Hajati na mpango: kila baada ya siku tatu napunguza njiti moja. "Mwanangu, nimekukosea nini?" aliniuliza, na hakuwa anatania. Nilipomweleza, akaanza kunichemshia tangawizi tupu pembeni. Bei ileile!

Lakini kilichonisaidia zaidi ni saa, kuliko hata idadi. Kafeini huchukua takriban saa tano kupungua kwa nusu mwilini. Kikombe cha saa kumi alfajiri, nusu yake bado inazunguka saa tatu asubuhi, wakati mimi nimeshafunga mapazia. Nikaweka mwisho saa sita usiku. Saa kumi na moja alfajiri imebaki nusu, saa nne asubuhi robo. Saa za mwisho za zamu zilikuwa ngumu, nisidanganye, ila nilianza kulala.

Dereva mmoja alinisifu kwa kukwepa kansa. Hilo ni la zamani: wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliitilia kahawa shaka mwaka 1991, na mwaka 2016 wakaiondolea. Walichobaki nacho ni kinywaji chochote cha moto zaidi ya nyuzi 65, kwa sababu ya koo. Kwa hiyo kikombe changu sasa nakiacha kipoe kwanza, Hajati akinung'unika kwamba nakiharibu.

Nikiwa nimefika njiti tatu, usingizi ukapotea tena wiki nzima. Nilichanganyikiwa. Njiti ni tatu, saa sita sijavuka. Mume wangu ndiye aliyeuliza, "Na hizo unazotafuna?"

Mama mkubwa alikuwa amenitumia kutoka Masaka mmwanyi, zile buni zilizochemshwa na majani ya kunukia, zikakaushwa na kufungwa kwa magamba ya mgomba. Baganda humkaribishia mgeni, na zamani watu wawili wakila kiapo cha udugu wa damu waligawana mbegu mbili za buni moja. Mimi nilikuwa nazitafuna mezani nikijaza fomu, kama karanga, hadi alfajiri. Ni Robusta ileile, na ganda lake.

Pakiti zilizobaki nimeziweka kwenye kikapu sebuleni, za wageni. Mume wangu anasema siku hizi wageni wamezidi.