Hakuna hata mmoja mwenye hekima?

Neno: 1 Wakorintho 6:1–8

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Sura hii, ambamo Paulo anawakemea waumini wanaoshitakiana mahakamani, huwa tunaikumbuka muumini anapomshitaki mchungaji. Leo naomba tuisome kwa upande wa pili, maana Oktoba 2018 kanisa ndilo lililofungua kesi. Harvest Bible Chapel, kanisa la maelfu ya waumini kwenye vitongoji vya Chicago, Marekani, lililoongozwa na James MacDonald tangu 1988, lilimshitaki mwandishi wa habari Julie Roys na wanaume wawili waliokuwa wakiandika habari za madeni na uongozi wake. Hata wake za wanaume hao wakaunganishwa kwenye kesi. Wake zao, jamani!

Januari 2019, mahakama ilipokataa kuficha nyaraka za kesi, kanisa likaiondoa. Februari wazee wakamwachisha kazi MacDonald.

Lakini mimi moyo wangu umekwama mwaka 2013. Watu watatu waliowahi kuwa wazee wa kanisa hilo walikuwa wamehoji mambo ya fedha na namna ya kutawala. Wakatengwa hadharani kwa video iliyoonyeshwa ibadani, na waumini wakaonywa wajiepushe nao. Paulo anawauliza Wakorintho kama kweli kwao hakuna hata mtu mmoja mwenye hekima, awezaye kukata maneno ya ndugu zake. Harvest walikuwepo watatu, na mlango waliuonyeshwa. Mwaka 2014 wazee waliwaomba radhi, na toba ile naiheshimu. Hata hivyo, miaka minne baadaye, aliyeuliza tena alijibiwa kwa hati ya mashitaka.

Nimekaa vikao vya wazee, wapendwa. Mtu akiulizia hesabu za sadaka, hakosekani wa kusema, "Msiwaguse masihi wangu," yaani wapakwa mafuta wa Bwana, na kikao kizima kikanyamaza. Nami nimewahi kunyamaza, nikiita ule woga wangu heshima. Bwana anisamehe.

Masihi wa Bwana ni Daudi pia, na alipotenda dhambi na Bathsheba, nabii Nathani alimwambia usoni, "Wewe ndiwe mtu huyo." Daudi hakumfukuza. Wiki hii someni 2 Samweli 12, kisha mfungue 1 Mambo ya Nyakati 3:5, mtazame majina ya wana aliozaliwa na Bathsheba kule Yerusalemu. Mmoja anaitwa Nathani.