Ngoma Niliyochelewa Kuisikia Ndani ya Zouk

Jumapili, usiku

Leo nimeurudia wimbo mmoja wa Kassav', bendi ya zouk ya visiwa vya Karibi, mara sita mfululizo, na ni mara ya sita ndipo nilipoisikia ngoma. Wimbo wenyewe ni «Zouk-la sé sèl médikaman nou ni», wa mwaka 1984, ambao kwa Krioli, lugha ya huko, ni kusema kwamba zouk ndiyo dawa pekee tuliyo nayo. Nimeufahamu tangu utotoni, hapa Tanga, katika kaseti ya marehemu baba ambayo maandishi yake yalikuwa yamefutika, na utepe ulipolegea ilikuwa kazi yangu kuuzungusha kwa kalamu. Kwetu zouk ilikuwa muziki wa mapenzi na wa harusi, wenye vinanda laini na tarumbeta zinazong'aa, na haikunipitikia kamwe kwamba chini yake kulikuwa na watu wanaokwenda mbio barabarani.

Kilichonifungua masikio ni picha za video za kanivali ya Guadeloupe, kisiwa cha Karibi, nilizozitazama wiki iliyopita. Makundi ya watu yanapita mitaani kwa mwendo wa haraka, ngoma za ngozi ya mbuzi zikining'inia mabegani, mijeledi ikialika hewani, bila gitaa wala kinanda. Mmoja wa midundo ya kanivali hiyo huitwa mas a Senjan, na ndio Pierre-Édouard Décimus, aliyekwisha kujipatia jina katika bendi ya Les Vikings de la Guadeloupe, aliouchukua kuwa msingi alipoianzisha Kassav' mwaka 1979 pamoja na mpiga gitaa Jacob Desvarieux, aliyezijua vyema studio za Paris. Albamu yao ya kwanza iliitwa «Love and Ka Dance», na hiyo «ka» ni ngoma ya gwoka, ambayo watu waliokuwa watumwa waliiunda kwa mapipa. Katika gwoka, ngoma iitwayo boula hushika mdundo usiobadilika, na ile iitwayo makè humfuata mchezaji hatua kwa hatua.

Nimewahi kusikia nyimbo nyingi zinazoanza na ngoma ya asili kwa sekunde kumi, kisha mashine huingia na ngoma haisikiki tena. Huko ni kuivalia asili kama kilemba cha sherehe. Kassav' hawakufanya hivyo. Kwa masikio yangu, wao waliuacha mdundo wa barabarani ukae chini kabisa, wakaipa gitaa, besi na tarumbeta kazi ya kuufuata, na ndiyo maana mtu asiyejua neno la Krioli hujikuta miguu yake imekwisha kuanza.

Hata jina lao limenigusa. Kassav ni mkate bapa wa unga wa muhogo, na muhogo mchungu huko hukunwa, ukakamuliwa maji yake yenye sumu, ndipo unga ukaokwa juu ya bamba la moto. Sisi tuliolelewa kwa bada tunaijua kazi hiyo, ingawa njia yetu ni kuuvundika na kuuanika juani, na bibi hakuruhusu mtoto aguse makopa kabla yeye mwenyewe hajayavunja na kuyaonja.

Desvarieux alifariki tarehe 30 Julai 2021, kwa Uviko, huko huko Guadeloupe. Sauti yake nzito yenye mkwaruzo nilikuwa nikiichanganya na ya baba, kwa kuwa baba aliimba juu yake kila Jumamosi.

Jioni niliuweka wimbo katika simu, mama akiwa uani anachekecha unga wa muhogo. Alisimamisha chekeche akasema, «Mwanangu, hii si ile ya baba yako?» Kisha akaendelea na kazi yake, na vidole vyake vikawa vinagonga ukingo wa chekeche. Havikuufuata uimbaji wala tarumbeta. Vilikuwa juu ya boula.